Mkandarasi ameharibu ukarabati wa nyumba yangu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya katika miaka ya kusimamia ukarabati wa nyumba za kuishi Dar es Salaam na Pwani. Mengi nimeulizwa nikiwa saiti, mwenye nyumba kasimama pembeni, sauti inamtetemeka, fedha ya kiinua mgongo imekwisha na bafu bado linavuja. Majibu yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake. Kama kasoro umeigundua leo na huna muda wa kusoma yote, nenda moja kwa moja kwenye swali lisemalo "Nifanye nini kwanza?" kabla hujamwita fundi mwingine.

Nitajuaje kama kazi ni mbovu kweli, au ni mimi tu sijaipenda?

Rangi ya vigae uliyoichagua mwenyewe dukani ikikuchosha baada ya kubandikwa, hilo si kosa la mkandarasi. Kazi ni mbovu inapokosa kile mlichokubaliana, au inaposhindwa kutimiza shughuli yake ya kawaida: bafu halipeleki maji kwenye tundu, paa linavuja, mlango haufungi, plasta haishiki ukuta.

Vipimo vingine unaweza kuvifanya mwenyewe. Gonga vigae kimoja kimoja kwa sarafu au mpini wa bisibisi. Kinacholia kama debe tupu hakikujazwa vizuri chini yake, na ndicho kitakachopasuka siku utakayosogeza friji. Kwenye sakafu ya bafu mimina ndoo ya maji, subiri robo saa, kisha tazama yametuama wapi. Mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu unatosha. Maji yakibaki kwenye kona, mteremko haupo. Kama unashuku kuvuja, ziba tundu, jaza maji kina cha vidole viwili, weka alama ya penseli ukutani na urudi kesho yake wakati uleule. Maji yakiwa yameshuka sana chini ya alama, au doa likajitokeza kwenye ukuta wa upande wa pili, umepata jibu.

Plasta ina lugha yake. Nyufa nyembamba kama unywele mara nyingi hutokana na kukauka haraka, kwa sababu hakuna aliyeimwagilia maji siku za mwanzo. Ufa unaopanda ukutani kama ngazi, ukifuata maungio ya tofali, ni jambo zito. Huo mwite mhandisi, usimwite mpaka rangi. Chumvi nyeupe inayochomoza chini ya ukuta inaweza kuwa unyevu unaopanda kutoka ardhini, au mchanga wa chumvi, na tofauti hiyo itaamua nani alipe.

Kwa bati, kumbuka geji huenda kinyumenyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mkataba ukisema 28 na juu ya kenchi kukawa na 30, umepunjwa hata kama paa halijavuja bado. Umeme usiupime mwenyewe. Ila jua kwamba kwa kawaida taa hupigwa waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi za kawaida 2.5, na mtu anayefanya kazi hiyo anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Soketi za jikoni zilizopigwa waya wa taa ni hatari ya moto.

Mkandarasi na fundi ni kitu kimoja?

Hapana. Mkandarasi ni mtu au kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo hupangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza lenye uwezo mkubwa zaidi hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi isipokuwa la kwanza. Fundi anaweza kuwa na cheti cha VETA na mkono wa dhahabu, lakini bodi hiyo haimjui. Wapo mafundi wa mtaani ninaowaamini kuliko kampuni zenye magari yenye nembo. Wapo pia akina fundi maiko, yaani wababaishaji, na hao ukigombana nao huna pa kuwashtaki kinidhamu, unabaki na mahakama peke yake.

Nitahakikishaje kwamba leseni ni yake?

Omba namba ya usajili, kisha iulizie bodi yenyewe. Usiridhike na picha ya cheti kwenye simu. Usajili una ada ya kila mwaka, kwa hiyo cheti cha miaka iliyopita hakisemi lolote kuhusu leo.

Kisha linganisha majina matatu: lililo kwenye cheti, lililo kwenye mkataba na la mwenye akaunti unayoingizia fedha. Yakitofautiana, uliza kabla ya kulipa. Mtu anaweza kukuonyesha cheti cha kampuni ya rafiki yake, mkataba akasaini kwa jina lake, na fedha zikaingia kwenye namba ya simu ya mkewe. Siku ya ugomvi kampuni itasema haikujui, na itakuwa inasema kweli.

Hatukuandikiana mkataba. Nimekwisha?

Hujakwisha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kufanya mkataba, kwa malipo halali. Shida yako ni kuyathibitisha. Kusanya kila kitu: meseji, sauti za WhatsApp, mchanganuo wa gharama aliokuletea hata kama ameuandika kwenye karatasi ya daftari, taarifa za miamala ya simu, risiti za dukani, majina ya waliokuwepo mlipokubaliana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, mradi uweze kuonyesha ulitoka kwa nani na kwamba haujaguswa. Kwa hiyo usifute, usihariri, na usibadilishe simu bila kuhifadhi mazungumzo.

Kama mnao mkataba wa maandishi, angalia kama ulilipiwa ushuru wa stempu. Usipolipiwa, mahakama inaweza kukataa kuupokea mpaka ulipiwe, na watu hugundua hilo siku ya kesi.

Nimegundua kasoro leo. Nifanye nini kwanza?

Usibomoe.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo kwa mkazo. Bafu la mama yangu Morogoro lilikarabatiwa na kampuni iliyosajiliwa, na baada ya miezi minne maji yakaanza kutokea ukuta wa sebuleni. Mdogo wangu, kwa uchungu wa kumwona mama akisogeza makochi yake kila asubuhi, akaita fundi mwingine. Alasiri moja tu vigae vyote vilikuwa chini, kifusi kimepakiwa kwenye guta kimeondoka. Fundi yule mpya alituambia kwa mdomo kwamba hapakuwa na tabaka lolote la kuzuia maji chini ya vigae, na kwamba bomba la kutolea maji liliachwa bila kuunganishwa sawasawa. Nilimwamini, na namwamini mpaka leo. Lakini tulipokaa na mkandarasi wa kwanza, alisema sentensi moja: "Nionyesheni kazi yangu mbovu iko wapi." Hatukuwa na picha hata moja. Hatukupata hata shilingi, na mama alilipa bafu moja mara mbili.

Kwa hiyo, kabla ya nyundo, fanya hivi. Piga picha na video za kila kasoro, ukianza na chumba kizima ili ionekane ni wapi, kisha usogee karibu, na uweke futi kamba au rula kwenye picha ili ukubwa wa ufa usomeke. Pima na uandike. Toa taarifa ya maandishi kwa mkandarasi siku hiyohiyo, hata kwa meseji: umeona nini, wapi, lini, na unamtaka aje kukagua ndani ya siku ngapi. Kama maji yanaharibu vitu, zuia madhara: funga koki, hamisha samani, funika kwa turubai. Kuzuia madhara hakuharibu ushahidi, na mahakama itakuuliza kama ulijitahidi kupunguza hasara.

Ikibidi kubomoa kwa sababu ya hatari, mwalike mkandarasi kwa maandishi aje ashuhudie, ita mtaalamu asiye upande wowote, rekodi ubomoaji tangu kigae cha kwanza mpaka cha mwisho, na hifadhi vipande: kigae chenye mgongo mtupu, kipande cha waya, bomba lililopasuka. Viweke kwenye mfuko ulioandikwa tarehe. Ushahidi wa ukarabati uko ndani ya ukuta na chini ya sakafu, na ukishaufukia au kuutupa haurudi.

Mtaalamu gani atanipa ripoti inayosikilizwa?

Inategemea ugonjwa. Kwa nyufa, zege na paa, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa vipimo vya kazi iliyofanyika, thamani yake na gharama ya kurekebisha, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa. Ukadiriaji ndio watu wengi huuacha, na ndio unaogeuza malalamiko kuwa kiasi cha fedha. Mwombe aandike mambo manne: alichokiona, alichokipima, chanzo kwa maoni yake, na gharama ya kurekebisha kwa bei za sasa. Ripoti isemayo "kazi ni mbaya sana" haina msaada. Na asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha, maana upande wa pili atasema anajitafutia tenda.

Lazima nimpe nafasi ya kurekebisha?

Kama mkataba una kipindi cha uangalizi, yaani miezi ambayo mkandarasi anawajibika kurudi na kurekebisha kasoro, ndiyo, ukimruka utajidhoofisha. Hata kama mkataba haukusema, mimi hushauri umpe nafasi moja, kwa maandishi, yenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Kwa yeye kurekebisha ni nafuu kuliko kukulipa, na akikataa, barua yako inakuwa shahidi mzuri sana.

Nafasi moja haina maana ya nafasi sita. Akirudi akapaka silikoni pembeni mwa vigae kisha akadai amemaliza tatizo la maji, hajarekebisha, amefunika. Dai aseme kwanza chanzo ni nini, ndipo aguse. Na kama kosa lenyewe limeweka watu hatarini, kwa mfano umeme unaorusha cheche, huna sababu ya kumrudisha mkono uleule.

Naruhusiwa kuzuia malipo yaliyobaki?

Kuzuia kiasi kinacholingana na kasoro ni jambo la busara, na mikataba mingi iliyoandikwa vizuri inaruhusu. Kuzuia kila kitu kwa sababu ya kitasa kilicholegea ni kumpa yeye kesi. Andika barua fupi: kazi hii nimeikubali na nailipia, hii sijaikubali kwa sababu hizi, na kiasi hiki nakishikilia mpaka irekebishwe. Weka namba. Ukikaa kimya na kuzima simu, yeye ndiye ataonekana mdai na wewe mdaiwa sugu.

Anasema kosa ni la vifaa, na vifaa nilinunua mimi. Ana haki?

Hapa ndipo ugomvi mwingi hukwama, na kwa nyumba zetu ni swali zito kuliko mengine, kwa kuwa tumezoea kumlipa fundi hela ya ufundi tu huku vifaa tukinunua wenyewe ili visichakachuliwe. Tunapata nafuu ya bei, lakini tunabeba sehemu ya lawama.

Kama vifaa alileta yeye, jibu ni fupi: ubora wake ni juu yake. Kama ulinunua wewe kwa orodha aliyoiandika yeye, orodha hiyo ndiyo kinga yako; itunze. Mifuko ya simenti huandikwa 32.5 au 42.5, namba zinazoonyesha daraja la nguvu yake. Ya 32.5 inafaa kwa plasta na kujengea. Kwa zege linalobeba mzigo watu hutaka 42.5. Akiandika "simenti mifuko 20" bila kusema ipi, kisha akaimwaga kwenye lenta bila kuuliza, lawama haiwezi kuwa yako peke yako. Yeye ndiye mwenye ujuzi. Wewe ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara, umelipa ili kuwe na mtu anayejua.

Mchanga ndio msumbufu mkuu wa ukanda wetu wa pwani. Mchanga uliochotwa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo, huvuta unyevu na kubandua plasta na rangi. Ukiletewa lori la mchanga, jaza kiasi kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa na uiache. Tope likitanda tabaka nene juu ya mchanga, ni mchafu. Mkandarasi makini hukataa lori kama hilo getini. Akiupokea bila neno, kisha baada ya mvua za masika akaanza kusema "bosi, mchanga wako ule", muulize kwa maandishi: uliuona lini kuwa mbaya, na ulinijulisha lini?

Tangu siku ya kwanza, piga picha ya kila kifaa kinapofika: mfuko unaoonyesha alama ya TBS na daraja lake, boksi la vigae, lebo ya waya, muhuri wa bati. Dakika mbili tu, na zinafunga mjadala wa wiki mbili.

Kazi alimpa mtu mwingine. Nimdai nani?

Uliyekubaliana naye. Kwamba vigae vilibandikwa na kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi ile ni jambo kati ya mkandarasi na kijana huyo.

CRB itanirudishia fedha zangu?

Hapana, na watu huvunjika moyo kwa sababu hawakuambiwa mapema. Bodi ni chombo cha kusimamia mwenendo wa makandarasi. Inaweza kuchunguza, kumwita mkandarasi, kumwadhibu, hata kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari lake. Kuamua kwamba akulipe milioni nne ni kazi ya mahakama, au ya msuluhishi mliyekubaliana.

Lakini usiipuuze. Mkandarasi anayeishi kwa tenda anaogopa doa kwenye usajili wake kuliko anavyoogopa kelele zako. Nimeona makubaliano yakipatikana baada ya barua ya malalamiko kupokelewa, kwa mtu ambaye simu zangu alikuwa hapokei. Andika malalamiko yako kwa utulivu, kwa mpangilio wa tarehe, ukiambatisha mkataba, malipo, picha na ripoti. Usiongeze chumvi, jambo moja la uongo litaharibu kumi ya kweli. Kama kosa ni la umeme, EWURA nayo ijue.

Niende polisi?

Polisi hawakusanyi madeni, na kazi mbovu kwa kawaida ni shauri la madai. Jinai huingia pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo: alijifanya amesajiliwa kwa cheti cha kughushi, au alichukua fedha ya bati akiwa hana nia ya kulinunua, akatoweka. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Ukimpeleka mtu kituoni kwa kutishia tu ili alipe, unaweza kugeuka wewe unayeshtakiwa. Na hata akifungwa, ukuta wako bado utakuwa na ufa.

Mahakama gani inanifaa?

Kwa nyumba nyingi za kuishi, Mahakama ya Mwanzo. Inapokea madai ya deni litokanalo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, inaendeshwa kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida anaweza kusimama mwenyewe akaeleza shauri lake. Sheria inairuhusu pia kumkubali ndugu au mtu wa nyumba yako kukusimamia katika shauri la madai, ukiiomba. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Dai likiwa kubwa zaidi, au likiwa na utata wa kitaalamu kama jengo linalotitia, kaa na wakili kwanza. Soma pia mkataba wako: ukiwa na kifungu cha usuluhishi, upande wa pili anaweza kuomba mahakama isimamishe kesi ili mwende huko kwanza. Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, lina taratibu za usuluhishi wa migogoro ya ujenzi, lakini kwa bafu na jiko gharama ya msuluhishi inaweza kumeza unachodai. Kwa kazi ndogo mimi huwashauri watu wakubaliane tu kumwita mhandisi mmoja, wamlipe nusu kwa nusu, na waahidi kwa maandishi kuufuata uamuzi wake.

Nidai kiasi gani? Nataka fedha zangu zote.

Uchungu wako naujua, lakini hesabu hii ndiyo inayoangusha madai mengi mazuri. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba, wala si ya mbali. Kifungu hicho asili yake ni sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo iliwahi kutumika Tanganyika, na miongoni mwa mifano iliyowekwa katika sheria ile ya India uko unaohusu nyumba hasa: mtu amelipwa mapema ili akarabati nyumba kwa namna fulani, akaikarabati lakini si kwa namna hiyo, mwenye nyumba anastahili gharama ya kuifanya kazi ilingane na mkataba.

Chukua mfano. Mlikubaliana milioni 12, umelipa 9, na mkadiriaji anasema kurekebisha ni milioni 5. Ile milioni 3 uliyobaki nayo hukuilipa, kwa hiyo ukitoa, dai lako la msingi ni milioni 2. Ongeza hasara zinazothibitika: samani zilizoharibika zenye risiti, kodi ya chumba ulichohamia bafu likiwa halitumiki, ada ya ripoti. Ukidai milioni 9 zote wakati jiko limefanywa vizuri na unapika humo kila siku, utaonekana una tamaa, na hiyo milioni 2 ya haki itashukiwa pia.

Kama mkataba ulitaja faini ya kila siku ya kuchelewa, kifungu cha 74 kinasema utapata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo faini ya kutisha haikupi utajiri, inaweka kikomo cha juu.

Imepita miaka mitatu. Nimechelewa?

Madai ya mkataba yana miaka 6, na ya uzembe nje ya mkataba 3. Usisubiri hata hivyo. Mashahidi huhama na simu huharibika.

Ametoroka katikati, vifaa vyake vimebaki kwangu. Naweza kuviuza?

Usiviuze. Viorodheshe mbele ya mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, piga picha, mwandikie aje kuchukua mbele ya shahidi, na siku hiyohiyo pimeni kazi aliyoiacha. Mashine yake ya kuchanganyia zege ikipotea mikononi mwako, utakuwa umemzalia dai ambalo hakuwa nalo.

Niko nje ya nchi na kazi inasimamiwa na ndugu. Nifanye nini?

Wanaojenga na kukarabati wakiwa Muscat, London au Minneapolis huniuliza hili kila mara. Usitume fedha kwa maneno "tumefika kwenye plasta". Taka video ya mfululizo, isiyokatwa, inayoanzia getini, ikionyesha futi kamba kwenye kazi yenyewe. Mlipe mkaguzi asiye ndugu hata mara tatu tu: mabomba na waya vikiwa bado wazi, kabla ya vigae, na kabla ya malipo ya mwisho. Ndugu anakupenda, lakini atashindwa kumwambia mkandarasi "bomoa" akiwa anamwita kaka na wanakunywa chai pamoja.

Mgogoro ukianza, mpe mtu mmoja tu mamlaka ya kisheria ya maandishi. Mkandarasi akipata ndugu watatu wenye kauli tatu, atachagua inayomfaa.

Tumepatana. Tuandikiane nini?

Andikeni kazi zitakazorudiwa, moja moja, kwa chumba. Nani ananunua vifaa na vya daraja gani. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Nani ataikagua kazi, na kwa kipimo gani: kwa bafu, kwa mfano, tundu lizibwe na maji yakae saa 24 kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, wewe ukiwepo. Fedha iliyobaki italipwa lini. Na kama hatatimiza, atarudisha kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Wekeni saini wote wawili na shahidi mmoja kila upande, kila mtu abaki na nakala. Usiandike kwamba umesamehe madai yako yote kabla kazi haijakaguliwa. Sentensi hiyo iwekwe kwenye karatasi ya pili, itakayosainiwa siku ya kukabidhiana.